Mchanga Usio na Saini

Nilikuwa nimeshona nusu ya mdomo wa kiroba pale wifi yangu aliposema nimechanganyikiwa.

"Umechanganyikiwa," alisema, macho hayatoki kwenye pasi. "Mtu mwenye akili zake hasafiri na mchanga."

Nilimaliza mshono kwanza. Shazia, ile sindano kubwa ya magunia, ikishaingia ukaiacha njiani, uzi hulegea, na kiroba kinachovuja ni sawa na kiroba ambacho hakikujazwa. Nikavuta uzi, nikapiga fundo, nikapitisha kidole mdomoni mwa kiroba kuona kama kuna tundu.

"Mchanga umesafiri peke yake miaka kumi na tisa," nikamwambia. "Leo tunafuatana."

"Kaka yangu hakuoa mke," wifi akasema. "Alioa mahakama."

Mimi ni dobi. Nafua taulo za hoteli iliyoko kisiwani, nusu saa kutoka gati la kwetu, mahali ambapo hakuna daraja wala njia nyingine ila boti. Chumba cha kufulia kiko huku bara, nyuma ya gati. Kina mashine nne, na ya tatu ukiijaza sana hutembea mpaka mlangoni. Kuna meza ya wavu ya kukung'utia, shimo la kuchujia maji, kamba za kuanikia, na kwenye kona yenye dirisha kuna meza ya wifi yangu, dada wa mume wangu, mpiga pasi. Jioni boti huleta taulo chafu, asubuhi hurudisha safi.

Taulo ya ufukweni hairudi peke yake. Hurudi na mchanga kwenye mikunjo, kwenye pindo, kwenye nyuzi. Mzee aliyeanzisha hoteli alikuwa na jambo lake kuhusu mchanga huo. Siku yangu ya kwanza kazini alinisimamisha mbele ya meza ya wavu akaniambia ufukwe wa kisiwani unaliwa na wawili: bahari na wageni. Bahari, yeye hana uwezo wa kuiamuru. "Lakini huu unaotoka na taulo," akasema, "urudi. Kila punje." Akanionyesha namna ya kufanya, mara moja tu, taratibu, naye akiwa amekunja suruali mpaka magotini.

Nikafanya hivyo. Taulo hukung'utwa juu ya wavu kabla ya kuingia mashineni. Unaobaki kwenye taulo hutoka na maji na kutua shimoni. Jumatano nachota wa shimoni, nausuuza kwa maji safi mara tatu ili sabuni itoke, nauanika juu ya turubai, naugeuza adhuhuri. Ijumaa napima kilo ishirini. Jumamosi nashona kiroba, naandika kwa wino mzito tarehe na namba, nakipeleka gatini. Kuna miezi ya mvua ambayo hoteli hufungwa. Miezi hiyo sina kiroba. Mzee alifariki mwaka wangu wa sita. Hoteli ikapata wenyewe wengine, mameneja wakaja wakaondoka, na kila mmoja akabadilisha rangi ya taulo. Mchanga hakuna aliyeugusa, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba upo.

Kiroba nilichokuwa nashona asubuhi hiyo kilikuwa cha mia nane na kumi na moja.

Nieleze na kitabu. Kila kinachopanda boti huandikwa kwenye kitabu cha mizigo chenye nakala tatu: kitu, idadi, aliyetuma, aliyepokea. Nakala moja hubaki kwangu, nami nimezitunza zote kwenye makopo ya sabuni. Shuka zimesainiwa. Taulo zimesainiwa. Mito, mapazia, hata ndoo mbili za chokaa za mwaka fulani, zimesainiwa. Kwenye mstari wa mchanga, mahali pa aliyepokea, pana nafasi nyeupe. Mia nane na kumi. Miaka ya kwanza niliona nafasi hiyo nikajiambia, nani atasaini mchanga? Nikaendelea na kazi. Silaumu mtu. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa naiona kila Jumamosi.

Mwisho wa mwezi ule nilikuwa nastaafu. Kwa hiyo nikaandika barua kuomba siku moja ya kwenda kisiwani. Si kulala, si kula. Kufika tu ufukweni, kukaa kidogo, kurudi na boti ya saa kumi. Ilikuwa barua yangu ya nne katika miaka kumi na tisa. Tatu za mwanzo hazikujibiwa. Hii ya nne ilijibiwa kwa mdomo. Msimamizi wetu wa bara aliniita ofisini siku ya Ijumaa, akanikaribisha kiti, akafunga mlango.

"Mama, wewe ni mtu wa heshima," alianza. Mtu akianza hivyo, ujue heshima yenyewe iko njiani kuondoka. "Lakini kisiwani wanaingia wenye kadi ya bluu. Ya kwako ya kijani."

"Najua. Ndiyo maana nikaandika barua."

"Wageni wa kule wanalipia upweke. Wakiona sura ambazo hawakuzitarajia, upweke umeharibika."

"Mimi nitaharibu upweke wa nani, baba? Nitakaa pembeni."

"Ufukwe ule hauna pembeni." Akacheka kidogo, kisha akaona sicheki. "Tumekuandalia zawadi. Saa ya ukutani, nzuri, ina jina la hoteli."

"Saa ninayo."

Akavuta pumzi. Akasema droo yake ina barua mbili zenye jina langu, moja ya kustaafu na nyingine ya kufukuzwa, na kwamba nikipanda boti bila kadi ya bluu atajua atoe ipi. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuonyesha mlango ulipo.

Jioni hiyo nilimweleza mume wangu. Yeye ni fundi viatu, hufanyia kazi barazani kwetu, na alikuwa anapigilia soli huku misumari kaishika kwa midomo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Unataka nini hasa?" akauliza kwa upande wa mdomo. "Kuuona ufukwe au kuwashinda?"

"Kuuona."

"Na wakikuzuia?"

"Basi kuwashinda."

Akacheka, misumari ikamwagika yote, tukatumia robo saa kuitafuta kwa sumaku. Alipouokota wa mwisho akasema, "Barua ya kufukuzwa na ya kustaafu zote ni karatasi. Lakini miaka kumi na tisa ni yako. Usije ukaniambia baadaye kwamba mimi nilikutuma."

"Hujanituma."

"Wala sijakuzuia."

Usiku nililala vizuri. Asubuhi nilipofika kazini nilikuwa nimeshaamua, na jambo lililonisaidia kuamua ni ule mstari mweupe. Siendi kutembea. Napeleka mzigo unaohitaji saini. Kitabu chenyewe kimeandikwa kwenye jalada, kwa herufi kubwa: MZIGO HAUJAFIKA MPAKA USAINIWE.

Nilimweleza wifi hivyo. Akaweka pasi wima.

"Kwa hiyo umekaa miaka kumi na tisa, ndiyo unakumbuka saini leo."

"Leo ndiyo nimebakiwa na wiki mbili."

"Haba na haba hujaza kibaba, mama. Wewe umejaza kichwa." Lakini akanisaidia kukipakia kiroba kwenye toroli ya gatini, akanifunga kanga yangu vizuri mabegani kama anayepeleka bibi harusi. "Msimamizi akiuliza, niseme nini?"

"Sema ukweli."

"Ukweli mrefu huo. Nitasema umekwenda chooni."

Nahodha wa boti ni mtu wa maneno machache ambaye amenizoea kwa salamu tu. Aliponiona naweka kiroba ndani kisha nakikalia, akazima injini.

"Mama, kadi?"

"Ya kijani." Nikampa kitabu. "Soma jalada."

Akasoma. Nikamfungulia nakala za mwezi huo, mwezi uliopita, na uliotangulia. Nikamwonyesha kwa kidole. Yeye ana miaka mitano tu kwenye boti ile, kwa hiyo nafasi mia mbili na ushee kati ya zile ni za safari zake mwenyewe.

"Mimi hufikisha," akasema, akijitetea. "Nashusha ufukweni na vitu vingine."

"Sijasema hufikishi. Nasema hakuna aliyesema amepokea."

Akakuna shingo. Akatazama ofisi ya msimamizi, pazia lilikuwa bado limeshuka. "Mzigo wenye mwenyewe siwezi kuushusha," akasema hatimaye, zaidi kwa injini kuliko kwangu, akaiwasha.

Kisiwa hakina gati. Boti hukwama mchangani na mtu hushuka kwenye maji ya magoti. Nilivua viatu, nikakunja gauni, nikashuka. Kwa hiyo kitu cha kwanza kilichouona ufukwe kilikuwa nyayo zangu. Nikasimama. Mchanga ulikuwa vile vile ninavyoujua: mweupe, wenye punje chache nyekundu za magamba yaliyosagika, na ukiukanyaga hulia kidogo kama unga mkavu. Nimeushika kila wiki kwa miaka kumi na tisa. Naweza kukuambia kwa kuutazama kama wiki hiyo bahari ilichafuka, kwa sababu huja mnene. Lakini sikuwahi kuujua ukiwa chini yangu, ukiwa umelala na una joto.

Ufukwe wenyewe ulikuwa mdogo. Hilo sikulitegemea. Kwa taulo mia tatu kwa siku nilidhani ni uwanja. Ulikuwa kipande chembamba kati ya maji na miti, watu wachache wamelala kwenye viti, mbali mbali. Mizizi ya miti ilikuwa nje, imening'inia hewani kama vidole. Ngazi za mbao zilizoshuka kutoka hotelini hazikufika chini. Ngazi ya mwisho ilikuwa juu ya mchanga kwa mkono mzima, na mtu alikuwa ameweka kreti la soda ili wageni wapate pa kukanyagia.

Mtunza stoo alikuja na karatasi zake kupokea mizigo. Ni binti wa miaka ishirini na kitu, kalamu sikioni, mwepesi. Akasaini shuka, akasaini taulo, akasaini sabuni. Alipofika kwenye mstari wa mchanga akaendelea na sabuni ya vyombo.

"Umeruka," nikamwambia.

Akanitazama, kisha akatazama miguu yangu, kisha kiroba. "Mama ni nani?"

"Dobi wa bara. Huo mzigo ni wangu. Naomba saini."

"Mchanga?" Akageuka kutazama ufukwe, kisha akarudi kwangu kwa upole sana. "Mama. Hapa ni kisiwani. Mtu huleta mchanga kisiwani?"

"Umetoka hapa. Unarudi. Hiki ni cha mia nane na kumi na moja. Vile vingine mia nane na kumi nani alipokea?"

Akarudisha kalamu sikioni, akaitoa tena. Nikaona anaanza kufikiri kitu, na kwamba kitu hicho hakimfurahishi.

"Namba," akasema. "Huwa unaandika namba? Kwa wino mweusi?"

"Mweusi mzito."

"Twende nikuonyeshe."

Akanipitisha nyuma ya jiko, nyuma ya matangi ya maji, mpaka penye nyumba ya jenereta. Upande mmoja wa nyumba ile kulikuwa na ukuta. Ukuta mrefu, mnene, unaonifika kifuani, wa kuzuia kelele zisiwafikie wageni. Ulikuwa wa viroba. Mistari juu ya mistari, vimepangwa kwa kupishana kama matofali, na kwenye kila kimoja mwandiko wangu. Mia sita na mbili. Mia tano na tisini na nane. Mia saba na kumi. Vya chini vilikuwa vimeoza, vimepasuka, na nyasi zimeota ndani yake. Nikainama nikatafuta. Kwenye pembe, karibu na ardhi, nikakiona cha nne, cha mwezi wangu wa kwanza kazini, mzee akiwa bado hai. Nilikuwa bado naandika nne yenye mkia.

"Nilipoanza kazi niliukuta," binti alisema. "Wanashusha kiroba, tunakiongeza juu. Sikuuliza. Nilidhani ni ukuta."

"Ni ukuta," nikasema.

"Samahani, mama."

"Ya nini? Na wewe ulipewa ukuta kama mimi nilivyopewa mchanga."

Nilikaa juu ya jiwe. Sitasema nililia, sikulia. Nilikuwa nahesabu. Kilo ishirini mara mia nane na kumi ni tani kumi na sita na ushee. Najua ufukwe hauokolewi na tani kumi na sita. Bahari ikiamua, hizo ni kiamsha kinywa. Lakini niliona ile ngazi inayoning'inia, na kreti la soda, nikajua kwamba hapo, chini ya ngazi ile, tani kumi na sita zingekuwa kitu.

"Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta," nikamwambia binti. "Hawa wamejenga ukuta, na ufa wameuacha."

Akacheka, akajiziba mdomo.

"Una toroli?" nikauliza.

"Ya stoo. Lakini, mama..."

"Hujanipa. Nimeichukua."

Nikaanza na kiroba changu cha siku hiyo, kwa kuwa kilikuwa bado ufukweni. Nikachomoa shazia niliyokuwa nimeichomeka kwenye kanga, nikakatia uzi nilioushona asubuhi, nikakimwaga chini ya ngazi. Kisha nikarudi ukutani nikachukua vya juu, maana ukuta hubomolewa kutoka juu, hata mwenye hasira analijua hilo. Viwili kwa safari moja. Nikavifikisha, nikakata, nikamwaga, nikasambaza kwa mguu. Mchanga wa mwaka jana na wa wiki hii hauna tofauti ukishamwagwa.

Safari ya nne meneja wa kisiwa akaja. Kijana aliyevaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri. Nilitambua kola, imepigwa pasi na wifi yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Naomba uache hicho unachofanya. Wageni wanapumzika."

Kweli, mgeni mmoja alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake, amevua miwani, ananitazama. Meneja akaenda akainama akazungumza naye, akarudi uso umekunjamana.

"Amelalamika?" nikauliza.

"Ameuliza kama hii ni sehemu ya burudani."

"Mwambie ni bure."

Binti wa stoo, aliyekuwa nyuma ya mti, akapatwa na kikohozi.

"Mama," meneja akasema, akipunguza sauti, "nimeongea na bara. Huna ruhusa ya kuwa hapa. Mfanyakazi haruhusiwi kukaa ufukweni."

"Sijakaa. Nafanya kazi."

"Kazi hiyo hakuna aliyekupa."

"Nilipewa na aliyejenga ngazi hizo." Nikachukua kitabu kutoka kwenye kanga, nikamfungulia. "Hapa. Saini kwamba mmepokea viroba mia nane na kumi na moja vya mchanga. Ukisaini, vimefika, ni vya kwenu, jengeeni mnachotaka. Naondoka sasa hivi, hata kwa kuogelea."

Akasoma. Alikuwa mtu makini, alisoma mstari wote, kisha jalada. Nikaona tatizo lake vizuri kabisa, wala sikumwonea raha. Akisaini, amekiri kwamba hoteli imepokea mchanga wa ufukwe miaka kumi na tisa ikaurundika kwenye jenereta huku wageni wakikanyagia kreti. Wenye hoteli watauliza. Akikataa, mimi siondoki.

"Siwezi kusaini kitu ambacho sikukiona kikishushwa," akasema.

"Ni sawa. Sikulaumu. Basi havijafika. Na kama havijafika, bado ni mzigo wangu, na mimi ndiye ninayeufikisha." Nikashika mikono ya toroli. "Nipishe, baba, gurudumu lisije likakukanyaga kiatu."

Hakupisha mara moja. Tukasimama hivyo. Mimi nina miaka sitini, nina magoti mabaya na mikono ya dobi, na sijawahi kumpandishia mtu sauti kazini. Sikumpandishia na yeye. Nilisubiri tu, toroli ikiwa nzito mikononi, na nilijua siishushi chini. Yeye ndiye aliyechoka kwanza. Akasogea hatua moja.

Saa saba nilikaa. Nilichagua mahali pa kukaa: katikati kabisa ya ufukwe, sio pembeni. Nikatandika kanga, nikanyoosha miguu mpaka maji yakaigusa, nikala mkate na yai nililokuja nalo. Meneja alikuwa juu ya ngazi, anazungumza na redio ya mkononi. Akashuka tena.

"Sasa umekaa," akasema.

"Sasa nimekaa."

"Nimekuambia wafanyakazi hawakai."

"Wa kisiwani. Mimi kadi yangu ya kijani, sheria za huku hazinihusu. Wenyewe mlisema."

Akaninyooshea redio. Sauti ya msimamizi wa bara ikatoka na mikwaruzo. Alisema kwamba wifi yangu anadai nimekaa chooni tangu asubuhi, na kwamba mpaka muda huo alikuwa amemwamini. Kisha akasema, "Barua nimeshaitoa, mama. Unajua ni ipi."

Iliniuma, siwezi kudanganya. Miaka kumi na tisa, na mwisho wake unasomwa kwa redio mbele ya mtu mwenye kola ya wifi yako.

"Ina tarehe ya leo?" nikauliza.

"Ya leo."

"Asante. Basi kuanzia kesho mimi si mfanyakazi wa mtu. Hapo mtanifukuza mara ya pili kutoka wapi?"

Nikamrudishia meneja redio. Nikamalizia yai, nikakung'uta kanga yangu, mchanga ukaanguka hapo hapo ulipokuwa, nikasimama.

Mchana binti wa stoo aliacha kujificha. Alivua viatu vya kazi, akaleta beleshi, akawa anasawazisha nilichomwaga. Meneja alimwita mara moja. Akajibu, "Nakuja, napanga mzigo," na hakwenda. Yule mgeni aliyeuliza kuhusu burudani alisogeza kiti chake hatua tatu kutupisha, akalala tena. Wengine hawakugeuka. Upweke wao ulikuwa mzima.

Saa kumi kasorobo nahodha akakwamisha boti. Nilikuwa nimemwaga viroba kumi na saba. Chini ya ngazi kulikuwa na mteremko wa mchanga, mdogo, kama mtu aliyelala amejifunika. Binti aliondoa kreti la soda kujaribu, akashuka ngazi ya mwisho, akakanyaga. Bado aliruka kidogo.

"Haujafika," akasema.

"Haujafika. Vimebaki mia saba na tisini na vinne. Kwa mwendo wa leo ni siku arobaini na saba, na vile vya chini vilivyooza vitahitaji ndoo."

"Ndoo nitatafuta."

Meneja alikuwa amesimama karibu na boti, mikono mfukoni. Nilidhani ataniaga kwa amri. Akamwambia nahodha, "Kesho usimpakie."

Nahodha alikuwa anaandika kwenye kitabu chake. Hakuinua kichwa. "Bosi, mzigo wake uko huku na haujasainiwa. Mwenye mzigo usiofika ninampakia. Imeandikwa kwenye jalada, mimi sikuandika." Akanitazama. "Saa mbili, mama. Ukichelewa nakuacha."

"Sijawahi kuchelewa."

"Najua."

Injini ilikuwa inanguruma, lakini nilirudi mbio mara moja ukutani, kadiri magoti yanavyoruhusu mbio. Ukuta ulikuwa na pengo juu, upana wa dirisha, na kelele za jenereta zilikuwa zinapita hapo zikienda zao ufukweni. Nikakishusha kiroba cha kumi na nane, nikakilaza kwenye toroli, nikakata mishono mitatu ya kwanza. Nahodha akapiga honi. Nikaacha shazia imechomekwa kwenye mdomo wa kiroba, nikaweka jiwe juu yake, nikaenda.